Nyayo Nyuma ya Nyumba ya Mama Bhoke

Mwizi wa fahali wa Mzee Matiko alikuwa mtu wa adabu, na adabu ndiyo iliyomponza. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa Nyanungu, wakiisimulia habari hii, hupenda kuanza na kosa langu, utadhani mimi ndiye niliyeiba.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1956, Alhamisi, siku ya mnada. Nyanungu nzima ilikuwa imekwenda kuuza, kununua, au kuwatazama wanaouza na kununua. Mzee Matiko alimwacha fahali wake amefungwa malishoni karibu na boma, kwa kuwa hakuwa na nia ya kumuuza hata kidogo. Alikuwa fahali mweusi mwenye baka jeupe begani, na Matiko alimpa jina la Bwana Shauri, kwani, alisema, halimi, habebi, kazi yake ni kutembea polepole akikagua kazi za wengine. Alasiri aliporudi na kukuta kamba imekatwa, alipiga yowe njia nzima: "Bwana Shauri ameibwa! Jamani, Bwana Shauri ameibwa!" Katekista wetu, aliyekuwa mgeni, alidhani ni mkuu wa wilaya, yule mzungu wa Tarime aliyeitwa vivyo hivyo, akaanza kukusanya watu wasali.

Vijana walishika mikuki wakafuata nyayo. Pembeni ya kwato zilikuwapo nyayo za mtu mmoja aliyevaa makatambuga, vile viatu vya tairi. Zilishuka kutoka kwa Matiko, zikafuata njia kuu ya kwenda mtoni, zikaiacha njia na kuzunguka nyuma ya nyumba ya mjane mmoja aitwaye Mama Bhoke, zikarudi njiani, zikaingia Mto Mara. Ng'ambo ya mto ni mawe matupu, na baada ya mawe ni nchi pana mpaka Ringwani. Kwenye mawe nyayo zikapotea.

Aliyewaongoza vijana alikuwa Kornelio, tarishi wa baraza. Kama hukumjua Kornelio, basi fikiria kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama bila mtu ndani yake, na tarbushi nyekundu juu ya kichwa ambacho hakikuwahi kuwa na shaka na jambo lolote. Mnadani hakuwapo, alisema alikuwa amepeleka barua ya wito kijiji cha jirani. Hakuna aliyemuuliza zaidi. Nani amuulize tarishi alikopeleka barua?

Alipima unyayo wa mwizi kwa kijiti, akapita nyumba kwa nyumba akipima viatu vya watu. Jua lilipokuwa linataka kuzama, kijiti kikakaa sawasawa juu ya katambuga la kaka yangu Joram.

Joram hakwenda mnadani. Alikuwa amelala na malaria, na shahidi wa pekee wa malaria yake alikuwa malaria mwenyewe. Wakamfunga mikono kwa kamba. Ikaamuliwa kwamba Jumamosi asubuhi ataswagwa mpaka Tarime, akabidhiwe polisi, na kila mtu alijua kwamba mwizi wa ng'ombe akiingia gerezani, watoto wake humsahau sura.

Kuhusu Joram niseme jambo moja tu. Baba alipofariki, pesa za karo zilimtosha mtoto mmoja. Joram aliacha shule darasa la nne akashika jembe, mimi, dada yake mdogo, nikaendelea mpaka chuo cha ualimu. Cheti changu kilitoka mgongoni kwake.

Ijumaa asubuhi baraza lilikaa kusikiliza shauri. Aliyeketi kitini ni Mzee Hezekia, mwanangwa wetu, aliyekuwa akikisimamia kijiji kwa niaba ya chifu.

"Makatambuga haya ni ya nani?" aliuliza.

"Yangu, mzee," alijibu Joram, meno yakigongana kwa homa.

"Tairi ulilipata wapi?"

"Lile lori la misheni, mzee. Lililokufa."

"Lori hilo limevisha nusu ya kijiji," nilisema kutoka nyuma. "Hata wewe mzee, kwa heshima zote, umevaa gurudumu la mbele."

Watu walicheka. Mzee Hezekia alitazama miguu yake, akaivuta chini ya kiti.

"Mwalimu Rhobi, hapa si darasani."

"Naona, mzee. Darasani mtu hupimwa kwa akili yake, si kwa kijiti."

"Rhobi!" kaka yangu alinong'ona. "Unanifunga mara ya pili."

Nikajishusha kidogo. "Naomba kuuliza jambo moja tu, mzee. Mwizi anakimbia na mali ya watu mchana kweupe. Kwa nini aiache njia nzuri, azunguke nyuma ya Mama Bhoke kwenye miiba?"

Kornelio alijibu kabla ya mwanangwa. "Alimkwepa shahidi. Yule mama hukaa mlangoni kutwa nzima. Kulijua hilo hakuhitaji cheti cha ualimu."

"Shahidi gani?" alisema Mzee Hezekia. "Macho yake yamekwisha! Juzi alimsalimia mbuzi wangu, akamuuliza habari za watoto."

Baraza zima likaangua kicheko. Hata Joram alicheka. Kornelio peke yake ndiye aliyetazama pembeni, akaanza kuifuta tarbushi yake vumbi ambalo halikuwapo.

Mzee Hezekia alikuwa mtu wa haki kila alipokumbushwa. Alinipa mpaka kesho yake asubuhi.

Nilikwenda kuzitembea zile nyayo mwenyewe. Njia kuu ni pana na ngumu, inapita hatua kumi tu kutoka mlangoni kwa Mama Bhoke. Nyayo zilikuwa zimeiacha mapema, kabla hata paa la nyumba halijaonekana. Zilipenya kwenye migunga, nikaona manyoya meusi yamenasa kwenye miiba. Kisha zikashuka kwenye matete, tope la kufika magotini. Hapo fahali alikuwa ameteleza akalala. Alama ya ubavu wake ilikuwa bado pale, pana kama kitanda. Mwizi alikuwa amehangaika kumwinua, amekanyaga huku na huku kama mtu anayecheza ngoma asiyoijua. Ukihesabu yote, alikuwa amepoteza karibu saa nzima, na yowe lingeweza kupigwa wakati wowote.

Ni nani apoteze saa nzima kumkwepa mtu asiyeona?

Nilipanda mpaka kwa Mama Bhoke. Nilimkuta mlangoni, anapeta ulezi kwa kuusikiliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani huyo? Sauti yake imejaa chaki."

"Ni Rhobi, mama."

"Rhobi wa Joram mwizi?"

"Joram haibi, mama."

"Najua haibi. Joram akiiba kuku, kuku ndiye atakayempeleka nyumbani. Keti."

Nikaketi. "Mama, jana mchana ulikuwa hapa hapa?"

"Niende wapi? Mnadani? Nikanunue nini nisichokiona?"

"Ng'ombe wakipita njiani unajua?"

"Nasikia kwato. Nami nawasalimia wote, mwenye ng'ombe na ng'ombe wake. Anayejibu ndiye mtu."

"Na wote wakinyamaza?"

"Basi wote ni ng'ombe. Au ni kijana wa siku hizi." Alipeta kidogo, kisha akaweka ungo chini kwa hasira. "Eti mwizi alinizunguka! Mwanangu, nyumba yangu inanuka? Nimeambiwa na watu watatu, na wote wanacheka. Mimi nimefanya nini hata mwizi asitake kunipitia? Tangu nijenge hapa hakuna mtu anayenizunguka ila wakwe zangu!"

Nikalishika neno hilo: wakwe.

Kwetu mwanamume hakutani na mama wa mke wake. Akimwona anakuja, huingia porini hata kama pori lina chui. Mlangoni kwake hapiti, jina lake halitaji, na watu wakimtania yeye hacheki. Si chuki, ni heshima, na humshika kijana tangu siku anapopeana neno na binti, kabla ng'ombe hata mmoja wa mahari hajatoka. Kama mama anaona au haoni, hiyo si hoja. Hoja ni kwamba wewe usiwe mbele yake. Sisi sote tulilijua jambo hili tangu utotoni. Lakini tulipoziona nyayo tulifikiria wizi tu, tukasahau kwamba mwizi naye ni mtoto wa watu, amelelewa.

"Wakwe zako wako wapi siku hizi, mama?"

"Mmoja yuko Kericho anachuma chai. Mwingine yuko Geita mgodini. Kama wananizunguka, wananizunguka huko huko."

Wakati huo Bhoke mwenyewe akatoka ndani. Alikuwa kitinda mimba wa mama yule, binti pekee aliyebaki nyumbani, na rafiki yangu tangu tulipokuwa tunachunga ndama pamoja. Nilimvuta pembeni, nyuma ya ghala.

"Bhoke, umepeana neno na mtu?"

"Nani kasema?" Alijibu upesi mno.

"Hakuna aliyesema. Ni nani?"

"Kwani wewe ni padri?"

"Bhoke, kesho wanampeleka Joram Tarime. Niambie ni nani."

Aliangalia chini, akachora mstari kwa kidole cha mguu, akaufuta. "Mwalimu, nenda ukasahihishe madaftari yako," alisema, akarudi ndani.

Basi nilikuwa na mkwe asiye na jina. Katika Nyanungu vijana ambao wangeweza kumpenda Bhoke walikuwa wengi. Tukiwa wakweli, walikuwa wote. Nilirudi nyumbani nikifikiri. Kabla sijafika nilikuwa nimekwisha kuamua, na nikageuka nikarudi kwa Mama Bhoke kumwomba anisindikize barazani kesho yake, tukamsaidie Joram.

"Nikaseme nini?" aliuliza.

"Usiseme chochote, mama. Ingia tu."

Jumamosi asubuhi nyumba ya baraza ilijaa. Ni nyumba ya udongo yenye bati juu, mlango mmoja mbele, na dirisha moja lisilo na ubao. Vijana wote walikuwamo, kwa maana hakuna aliyetaka kukosa kumwona mwenzake akipelekwa jela. Joram alikuwa ameketi sakafuni. Kornelio alisimama mlangoni, kamba mkononi, pasi ya kaptula yake kali kama panga.

Niliizunguka kona nikiwa nimemshika Mama Bhoke mkono.

"Hodi!" niliita.

Kornelio aligeuka. Alipoona niliyemshika, kamba ilimdondoka. Alirudi nyuma hatua moja, ya pili, akamkanyaga Mzee Matiko. Mama Bhoke alikuwa amekwisha kuweka mguu ndani. Kornelio alitazama kulia, kukawa na ukuta. Alitazama kushoto, kukawa na ukuta. Kisha akaliona dirisha, akapita ndani yake kichwa mbele, kama barua inavyoingia kwenye sanduku la posta. Kipande cha kaki kilibaki kwenye msumari. Tarbushi ilibaki sakafuni, ikizunguka.



"Nani ametoka?" aliuliza Mama Bhoke. "Nimesikia upepo."

"Ni tarishi wangu, mama," alisema Mzee Hezekia polepole.

"Ameitwa wapi?"

Nilipiga hatua mbele. "Mzee, wakwe wa mama huyu tunawajua. Mmoja yuko Kericho, mmoja yuko Geita. Huyu aliyepita dirishani ni mkwe wa wapi?"

Manung'uniko yalianza nyuma, yakaja mbele. Nje ya dirisha sauti ya Kornelio ilisikika, imekauka.

"Niliona nyoka, mzee!"

"Nyoka gani?"

"Mkubwa!"

"Basi rudi ndani. Sisi hatumwoni."

"Siwezi! Bado yumo!"

"Nyoka ni mimi?" aliuliza Mama Bhoke.

"La!" Sauti ya nje ilipanda mpaka ikavunjika. "La hasha! Mzee, mwambie la! Mwambie sikusema hivyo!"

Hapo hata aliyekuwa mzito kuelewa alielewa. Kijana alikuwa analia mzee amwambie mtu aliyekuwa hatua tano tu kutoka kwake, ukuta ukiwa katikati. Vijana walicheka wakashikana mabega. Mzee Hezekia hakucheka. Aliondoka kitini, akasimama katikati ya dirisha na mama yule, na shauri likaendeshwa hivyo: mshtakiwa nje juani, mashahidi ndani, mwanangwa katikati akibeba maneno kama mtu anayechota maji kwa viganja.

"Kornelio. Wewe na Bhoke mmepeana neno?"

"Ndiyo, mzee. Tangu mavuno."

"Mbona sijaambiwa?" Mama Bhoke alisema. "Au siku hizi mama anaambiwa na nyayo?"

"Anasema mbona hakuambiwa."

"Nilingoja nipate ng'ombe kwanza, mzee. Ningeendaje mikono mitupu?"

"Kuwa mkwe si wizi," mtu mmoja alisema, na alikuwa na haki. Nilimwona Joram akifumba macho. Kornelio pia alisikia, maana sauti yake ilipata nguvu.

"Kweli! Kuwa mkwe si wizi! Huenda nilipita kule siku nyingine!"

Nilifungua kinywa, lakini Mama Bhoke alinifinya mkono ninyamaze. Aliinua uso kuelekea dirishani, akasema bila haraka:

"Mwanangwa, mwulize jambo moja. Fahali wa Matiko ni mmoja wa wale wanaokuja zizini kwangu? Akisema siye, nitaamini, maana ni mwanangu. Lakini akisema siye, kisha mnyama wa wizi akaingia kwangu kumwoa binti yangu, basi nitavua nguo hii ya ujane nimlaani nayo. Yeye na atakaowazaa."

Kicheko kilikatika. Hata kuku waliokuwa wanachakura nje nadhani walisimama. Mzee Hezekia hakurudia maneno yale, hayakuhitaji kubebwa.  Nilisikia homa ya Joram ikipumua.

"Yupo Ringwani," alisema Kornelio. "Kwa mjomba wangu, aliyempokea ng'ambo ya mto. Ni mzima. Amekonda kidogo kwa ajili ya safari."

"Amekonda?" Mzee Matiko aliruka. "Bwana Shauri amekonda? Nipeni mkuki!"

Walimshika watu wanne. Wengine walitoka wakamkamata Kornelio, ingawa hakuwa anakimbia. Alikuwa ameketi chini ya dirisha ameshika goti lililochubuka. Alikiri yote: barua ya wito aliipeleka Jumatano, na makatambuga ya lori la misheni anayo jozi moja, ameyaficha darini. Joram alipofunguliwa alijaribu kusimama, akashindwa, akatetemeka mbele ya watu wote, na hatimaye malaria yake ikapata mashahidi.

Nilidhani mambo yamekwisha. Nilikuwa nimeinama kumwinua kaka yangu Mzee Hezekia aliponiita.

"Mwalimu, umemwokoa ndugu yako. Tunakushukuru. Lakini umemchukua mama mkwe ukamleta uso kwa uso na mkwe wake mbele ya watu. Jambo hilo kwetu halifanyiki. Pamoja na mbuzi wa kutakasa, utawaomba radhi wazee."

"Na mimi," alisema Mama Bhoke. Hakuwa anatania tena. "Uliniambia tunakwenda kumsaidia Joram. Hukuniambia kwamba mtego ni mimi. Macho sina, Rhobi, lakini heshima ninayo."

Neno hilo lilinichoma, sikatai. Bhoke alikuwa amefika mlangoni, macho mekundu, anamtazama Kornelio akifungwa kwa kamba ile ile iliyomfunga Joram.

"Ungeniuliza," aliniambia.

"Nilikuuliza."

"Ungeniuliza tena! Ningekwambia. Ningemwambia amrudishe usiku huo huo, na hakuna ambaye angejua."

"Na Joram je?"

 Labda kweli angeniambia. Labda Joram angekuwa amekwisha kufika Tarime wakati Bhoke anajishauri. Mpaka leo sijui, na mpaka leo hapiti njia moja na mimi.

"Haya, Mwalimu," alisema Mzee Hezekia kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto ameze dawa. "Sema samahani, yaishe. Ni neno moja tu. Wewe maneno unayo mengi."

Joram alinivuta kanga. "Sema tu, dada."

Nilimtazama Joram, alama za kamba bado zikiwa mikononi mwake. Aliyemfunga alimjua mwizi kuliko mtu yeyote, na bado alikaza fundo. Kati ya wazee wote waliokuwa wamekaa pale, hakuna aliyemwambia Joram pole.

"Mbuzi nitatoa," nilisema. "Leo hii, na mnono. Mama, nitakurudisha nyumbani kwa mkono huu huu, na kuni nitakuchanjia mpaka mvua zianze. Lakini radhi siombi."

"Hata kwa mama huyu?"

"Hata kwake."

"Mwalimu!"

"Siombi, mzee."